Nilivyokomesha uvujaji wa sampo ya gia boksi kwenye Mark II

Doa lilikuwa jekundu, na hilo tu lilitosha kunionyesha pa kutafuta. Oili ya injini iliyozeeka ni nyeusi, maji ya rejeta hata yakiwa na rangi ni mepesi, lakini haidroliki ya gia boksi ya otomatiki huwa nyekundu mpaka ichakae kabisa ndipo igeuke kahawia. Gari langu ni Toyota Mark II GX100, la zamani lakini zima, na lilikuwa limeanza kuchelewa kushika gia asubuhi. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, kiwango kilikuwa chini ya alama.

Wengi hapo hukimbilia kununua gasketi, kile kizibo chembamba kinachokaa kati ya gia boksi na sampo, yaani beseni la bati la chini yake. Mimi nilitaka kwanza kujua kama kweli ni sampo. Gia boksi ina sehemu nyingi za kuvuja: sili ya mhimili wa leva, mabomba yanayopeleka haidroliki kwenye rejeta ikapoe, raba ya mrija wa kijiti, sili ya nyuma inapoingia propela shafti. Popote itakapotokea, haidroliki hutambaa na kukusanyika kwenye sampo kwa kuwa ndiyo iko chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma zaidi. Niliosha eneo lote kwa dizeli na brashi, nikakausha, nikapaka poda ya watoto kwenye ukingo wa sampo, nikazunguka mtaani kidogo na kurudi. Upande wa juu wa ukingo poda ilibaki nyeupe. Chini, upande mmoja, ilikuwa imelowa wekundu katikati ya bolti na bolti. Basi, ni gasketi.

Fundi mmoja alichungulia akasema, "Mama, hii ni kukaza tu, halafu tunaongeza silikoni." Nilimshukuru nikaondoka, kwa sababu bolti zile zilikuwa zimeshakazwa na watu kabla yangu, na silikoni ya nje ilikuwepo tayari, imekauka na kubanduka. Silikoni inayopakwa kwa nje juu ya mafuta ni mapambo.

Sampo ni bati jembamba, na bolti zake ni ndogo, za spana namba 10. Ukizikaza kwa nguvu, bati lililo karibu na tundu hupinda kuelekea juu, na sehemu iliyo kati ya bolti mbili hubaki na uwazi. Anayekuja baadaye anaona tone, anakaza tena, bati linazidi kupinda. Kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo unavyozidi kuvujisha. Ukiweka gasketi mpya juu ya ukingo wa namna hiyo, itavuja kama ile ya zamani.

Nilifanya kazi nyumbani, gari likiwa juu ya stendi nne, si jeki, na baada ya kuliacha lipoe usiku kucha, maana bomba la eksozi linapita karibu sana na haidroliki ya moto huunguza. Mtoto wa kaka yangu alishika tochi. Nilimwaga kwanza kwa nati ya chini, kisha nikalegeza bolti zote na kuacha chache za upande mmoja ili sampo iinamie taratibu kwenye beseni. Haidroliki yote iliyotoka niliimimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Usiitupe kabla ya kuipima, kwani ndiyo inakuambia pa kuanzia wakati wa kujaza.

"Shangazi, huu uji wa kijivu si gia boksi imekufa?" Alikuwa anaangalia sumaku zilizo ndani ya sampo. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida kwa gari la umri huu. Cha kuogopesha ni vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, na hatukuviona. Chujio nalo nilibadilisha, kwa kuwa nilishafika huko.

Muda mwingi ulikwenda kwenye kusafisha na kunyoosha. Uso wa gia boksi ni alumini, kwa hiyo kisu hapana. Nilikwangua kwa kipande cha plastiki ngumu. Ukingo wa sampo niliulaza juu ya gogo lililonyooka, nikagonga kila tundu taratibu kwa nyundo ndogo kutoka ndani, huku nikiupima juu ya kioo cha dirisha. Tochi ikiwa upande wa pili, mwanga ukipenya chini ya ukingo, unagonga tena.

Toyota nyingine za zamani zilitoka kiwandani bila gasketi, zimefungwa kwa silikoni maalumu tu. Nyingine zina gasketi ya koki (gome jepesi la kuzibia) au raba. Nilinunua ya koki na kuifunga kavu. Silikoni nyingi hubanwa ikaingia ndani, ikakatika vipande na kuishia kwenye chujio. Ili gasketi isihame, niliifunga na sampo kwa uzi mwembamba kwenye matundu machache, nikaukata na kuuchomoa bolti nyingine ziliposhika.

Kukaza bolti nilianzia katikati na kwenda pembeni, nikivuka upande hadi upande, kwa mizunguko kadhaa midogo. Kwa bolti kama hizi nguvu ya kukaza ni nyutoni mita 5 hadi 7 hivi. Nati ya tairi hukazwa kwa 100 hivi. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, shika racheti karibu na kichwa chake, si mwisho wa mpini.

Aina ya haidroliki nilifuata maandishi ya kijiti, si ushauri wa muuzaji. Nilijaza haidroliki mpya kiasi kile kile cha chupa kupitia mrija wa kijiti, nikawasha, nikapitisha leva kila nafasi na kusubiri kidogo, kisha nikarudisha P na kupima injini ikiwa inanguruma. Gari lilipopata moto nilipima tena na kuongeza kilichopungua.

Safari ya Iringa ndiyo iliyolijaribu sawasawa, kwa kuwa kupanda mlima Kitonga huchemsha gia boksi kweli. Nilipofika nililala chini na kupitisha karatasi nyeupe ukingoni. Ilitoka na vumbi. Kwa sababu koki hulegea kidogo ikishapata joto, nilipita bolti zote mara moja kwa mkono mwepesi. Baada ya wiki kadhaa nilimwaga tena kwa nati ya chini na kujaza mpya, kwani ile ya kwanza ilikuwa imechanganyika na ya zamani iliyobaki kwenye toki konveta, sehemu inayounganisha injini na gia boksi. Haidroliki chafu aliichukua jirani mwenye banda la mbao, anapaka nguzo zisiliwe na mchwa.