Jina Lisilo Lake

Kwa muda wa miezi mitano nilimwita mtu mmoja kwa jina ambalo halikuwa lake, naye kwa miezi yote hiyo aliitika. Hakuwa mpita njia. Alikuwa mshirika wa kikundi cha nyumbani nilichokiongoza mwenyewe, mtu aliyeketi hatua tatu kutoka kwangu kila Jumatano jioni, akafungua Biblia yake nilipowaambia wafungue, akainamisha kichwa niliposema tuombe, kisha akaondoka kabla viti havijarudishwa mahali pake. Nimelisimulia jambo hili mara chache, na kila mara nimejikuta nikilipunguza makali ili wasikilizaji wacheke. Hapa nitajaribu kulieleza kama lilivyokuwa.

Wakati ule kanisa letu lilikuwa limekua kiasi kwamba mtu angeweza kuhudhuria ibada mwaka mzima bila kusalimiana na yeyote zaidi ya aliyeketi kando yake. Mchungaji na wazee wa kanisa wakaamua kwamba washirika wote wagawanywe katika vikundi vidogo vya watu 10 hadi 15, vikutane majumbani katikati ya juma, na kila kikundi kiwe na kiongozi, mwenyeji na katibu. Nilikabidhiwa kimojawapo kwa sababu nilikuwa nikifundisha darasa la wanaojiandaa kwa ubatizo, na nadhani pia kwa sababu sikuwahi kukataa kazi yoyote iliyoandamana na daftari. Watu wakaniita Mwalimu, nami nililipenda jina hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Kila mwisho wa mwezi tulijaza fomu: wangapi wamehudhuria, wangapi ni wapya, somo gani limefundishwa, sadaka ni kiasi gani. Fomu zangu zilikuwa safi, zilifika kwa wakati, na mara mbili zilisifiwa mbele ya viongozi wenzangu. Hazikuuliza ni nani amefiwa, nani anadaiwa, wala nani hajatamka neno tangu alipojiunga, na mimi sikuwa mtu wa kujibu maswali ambayo sikuulizwa.

Jumatano ninayoikumbuka nilikuwa nimeandaa somo ambalo nililionea fahari. Nilitaka washirika wajue kwamba kukutana majumbani si jambo lililobuniwa na wazee wa kanisa letu. Nilianza na Matendo ya Mitume 2:46, waamini wakimega mkate nyumba kwa nyumba. Nikaruka karne nyingi hadi Frankfurt mwaka 1670, ambako Philipp Jakob Spener, mchungaji wa Kilutheri, aliwakusanya watu nyumbani mwake ili wazungumze juu ya Neno badala ya kulisikiliza tu kanisani. Kisha nikafika kwa John Wesley, mhubiri wa Kiingereza aliyeanzisha vuguvugu la Wamethodisti, na hapo ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi, kwa kuwa kisa chake kilikuwa kimenivutia mno nilipokuwa nikijiandaa.

Niliwaeleza kwamba mnamo Februari 1742, mjini Bristol, Uingereza, Wamethodisti walikutana kutafuta namna ya kulipa deni la nyumba yao ya mikutano. Mmoja wao alishauri kila mwanachama atoe peni moja kwa juma. Mwingine alipopinga kwamba wako maskini wasioweza hata hiyo, yule wa kwanza alijibu kwamba yeye apewe watu 11 walio maskini kuliko wote, awatembelee kila juma, na yule asiyekuwa na kitu atamtolea mwenyewe. Ndivyo yalivyoanza madarasa ya watu wapatao 12, mmoja wao akiwa kiongozi. Jambo ambalo hawakulitarajia ni kwamba wakusanyaji hao, wakipita mlango kwa mlango kufuata peni, walianza kuona mambo ambayo hayaonekani kanisani: huyu amerudia ulevi, huyu hasemezani na mkewe, huyu ameanza kukata tamaa. Wesley alipoletewa habari hizo alitambua kwamba hicho hasa ndicho alichokuwa amekitafuta kwa muda mrefu, na kwamba deni lilikuwa mlango tu wa kukifikia. Baadaye walipoona kwamba kumtembelea kila mtu kwake kuna usumbufu wake, wakaanza kukutana pamoja.

"Kwa hiyo," nilisema, na naikumbuka sauti yangu ilivyokuwa, "kiongozi wa darasa alimjua kila mmoja wa watu wake kwa hali yake."

Somo lilichukua karibu saa nzima. Niliuliza kama kuna swali, nikasubiri kwa muda usiozidi pumzi mbili, nikaendelea. (Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuwaandaa viongozi wapya, niliwashauri wahesabu kimoyomoyo hadi 10 baada ya kuuliza swali kabla ya kufungua kinywa tena. Wengi wananiambia kwamba hilo ni gumu kuliko kuandaa somo, na ninawaamini.) Tulipofika kwenye mahitaji ya maombi, yule ndugu wa hatua tatu alisema kwa sauti ya chini kwamba mke wake angefanyiwa upasuaji kesho yake asubuhi. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza kukisikia kutoka kwake zaidi ya salamu. Niliguswa kweli, sikuigiza. Nikaomba waliokuwapo wasimame, nikaomba kwa bidii, nikamtaja kwa jina mara tatu au nne mbele za Mungu, na wote wakaitikia Amina.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo ya uzee ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo ya uongozi. Kazi yake, kama nilivyoiona mimi wakati ule, ilikuwa kutupatia sebule. Watu walipokwisha kuketi alibaki amesimama.

"Mwalimu," akasema, "huyo tuliyemwombea ni nani?"

Sikumwelewa. Nilimwonyesha kwa mkono ndugu aliyekuwa ameketi.

"Huyu ninamwona. Ninauliza yule uliyemtaja. Maana huyu haitwi hivyo. Nilikutana naye njiani juma lililopita akiwa na mkewe, na mkewe alimwita kwa jina jingine kabisa."

Ukimya uliofuata ulizidi pumzi mbili kwa mbali. Nilitazama daftari kana kwamba lingenitetea, na humo nikaliona kosa lote lilivyojengeka. Ndugu wawili walikuwa wameelekezwa kwetu katika mwezi mmoja. Mmoja alihama baada ya kuhudhuria mara chache. Nilifuta jina la aliyebaki na kuendelea kuweka alama kwenye jina la aliyehama. Kwa miezi mitano nilikuwa nimetoa taarifa kamili za mtu ambaye hakuwapo, na taarifa hizo zilikuwa zimesifiwa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kuniokoa. Alisema kwamba si neno, kwamba Mungu alijua ni nani aliyekusudiwa. Mama mwenyeji hakuiruhusu njia hiyo. Alimuuliza kwa upole kwa nini hakusema tangu mwanzo, naye akaeleza, huku akiyatazama mikononi mwake maandishi ya somo niliyokuwa nimewagawia. Siku ya kwanza nilimpokea mlangoni kwa furaha kubwa, nikamtambulisha kwa wote kwa jina lile, naye hakutaka kuniaibisha mbele ya watu. Siku ya pili aliona kwamba kusahihisha kungeonekana kama lawama kwa kuwa alinyamaza siku ya kwanza. Juma la tatu wote walikwisha kulizoea. Akaongeza jambo ambalo halijanitoka hadi leo: kwamba baada ya muda aliona hata ni nafuu, kwa sababu yule aliyekuwa akija Jumatano hakuwa yeye hasa, na yeye mwenyewe angeweza kubaki nyumbani na shida zake.

Nilimwomba radhi. Nilishukuru kwamba hakuna aliyefungua Yohana 10:3 kunisomea habari za mchungaji awaitaye kondoo wake kwa majina. Kisha nikataka kufunga kipindi, kwa maana saa ilikuwa imepita na mimi nilitamani kuwa mahali pengine popote, lakini mama akaketi, akasema kwamba hatujaomba bado. Tukaomba upya. Safari hii si mimi niliyeomba. Yeye aliomba kwa sentensi tatu, akataja jina lililo sahihi na la mkewe, ambalo alikuwa ametulia kumuuliza kwanza, na saa ya upasuaji, na jina la mtoto ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo. Kabla ya watu kuondoka alikuwa amekwisha kupanga ni nani atakayekaa na mtoto huyo asubuhi na ni nani atakayemsindikiza ndugu hospitali. Mimi nilipangiwa zamu ya alasiri.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alasiri ile tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne, tukazungumza kwa jumla labda dakika 20, na nikajifunza juu yake mambo mengi kuliko niliyoyajua juu ya wengine wote katika daftari langu. Sikufundisha kitu.

Nilikwenda kwa mchungaji nikitaka kujiuzulu. Alinisikiliza hadi mwisho, akakataa, na sababu aliyoitoa haikunifurahisha: alisema kwamba viongozi wengine huenda wanafanya kosa hilohilo ila hawajapata mwenyeji wa kuwaambia. Basi tukabadilisha mambo machache, mengine kwa shauri la mama mwenyeji. Somo lilipunguzwa likawa dakika 20. Baada ya hapo tuligawanyika watatu watatu, kila kitatu katika pembe yake, kwa sababu kuna watu ambao mbele ya 12 ni bubu na mbele ya wawili wana habari za miaka. Daftari la mahudhurio nilimwachia katibu, ambaye ndiye aliyestahili kulishika tangu awali. Kukaongezwa daftari la pili, la maombi, ambamo kila ombi liliandikwa pamoja na jina na tarehe, na nafasi iliyoachwa wazi ya kuandika lililotokea baadaye. Si kila badiliko lilifaa. Washirika wawili walihamia kikundi kingine wakisema kwamba kwetu mafundisho yamepungua, na sidhani kwamba walikosea kabisa. Kikundi kinachozungumza tu bila Neno kinaweza kugeuka kuwa baraza la kulalamika, na kuna majuma tulikaribia huko.

Miezi kadhaa baadaye tulikubaliana kwamba uongozi wa somo uzunguke. Zamu ya ndugu yule ilipofika alichagua Warumi 16. Kwa ndani nilisikitika, maana mimi siku zote nimeiruka sura hiyo. Ni orodha ya salamu, na nilidhani kwamba ameichagua kwa kutokujua la kufanya. Aliisoma taratibu, jina kwa jina, bila kuruka hata moja: Febe, Priska na Akila na kanisa lililomo katika nyumba yao, na wengine zaidi ya 20, hadi Tertio aliyeshika kalamu. Kisha akatuuliza kama tunajua kwamba Paulo alikuwa hajafika Rumi bado alipoandika waraka huo. Mimi nilijua, ila sikuwahi kuliunganisha hilo na majina yale.

"Wako wawili ambao hawatajwi kwa majina," akaendelea. "Mama yake Rufo, na dada yake Nerea. Nimekuwa nikijiuliza. Aliyasahau?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa kuwa nilijua kwamba swali limenipitia karibu. Mama mwenyeji akajibu kwamba huyo wa Rufo, Paulo anasema alikuwa mama kwake pia, na mama mtu hamwiti kwa jina lake. Juu ya dada yake Nerea hatukupata jibu.

Tulipofika kwenye maombi ndugu yule ndiye aliyelishika daftari la pili. Alilipekua kurasa kadhaa nyuma, akarudi mbele, akapekua tena, akanitazama.

"Mwalimu, ombi lako liko ukurasa gani?"

Halikuwapo. Tangu daftari lile lianze kuandikwa sikuwa nimeomba kuombewa jambo lolote. Nilianza kusema kwamba muda umekwisha. Hakuna aliyeinuka. Sijui nani kati yao alikuwa akihesabu hadi 10, lakini walinisubiri, na mwishowe nikasema kwamba nina kaka ambaye hatujasemezana kwa miaka sita, na kwamba kosa kwa sehemu kubwa ni langu.

Hakuniuliza lilikuwa kosa gani. Aliandika tarehe, akaandika jina langu, si Mwalimu bali jina langu, kisha akaiinua kalamu.

"Kaka anaitwa nani?"

Nikamtajia. Aliliandika, akanigeuzia daftari ili nilione, akaniuliza kama amelipatia.