Hodi ni tatu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu. Ijumaa imetufikia tena, alhamdulillahi.

Nilipokuwa wa miaka saba au minane, kazi yangu ya jioni, hasa mwezi wa Ramadhani, ilikuwa kupeleka sahani kwa majirani. Mamangu akipika kaimati au mkate wa sinia, kichochoro chetu kizima, huko Mji wa Kale Mombasa, lazima kionje. Ataifunika sahani kwa kawa, atanitengeneza mtandio, kisha atanikaririsha: "Ukifika, simama ubavuni mwa mlango, usisimame mbele ya pazia. Piga hodi. Ukiulizwa nani, usijibu 'mimi'. Taja jina lako na la mamako. Na hodi ni tatu. Ya nne ni ujeuri, hata kama umebeba chakula."

Hilo la mwisho lilinitatiza. Sahani bado ya moto, watu wamo ndani, nasikia kabisa mwiko ukigonga sufuria, halafu nirudi nayo? "Rudi nayo," aliniambia. "Pengine hawajajisitiri. Pengine wana jambo lao. Jambo gani, si lako kulijua."

Nikawa nadhani hayo ni mazoea ya watu wa pwani tu. Nilipokwenda madrasa ndipo nilipojua mamangu ameyatoa wapi. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Aya ya 28 inaongeza kwamba tukiambiwa turudi, turudi, na kurudi huko ndiko usafi zaidi kwetu. Zile hodi tatu zimo katika hadithi ya sahaba Abu Musa al-Ash'ari, aliyebisha kwa Sayyidna Umar mara tatu, asipojibiwa akaenda zake. Hata lile la kutosema "mimi" lina asili yake: sahaba Jabir alibisha mlangoni kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, akaulizwa ni nani, akajibu "Mimi." Mtume akasema, "Mimi, mimi," kana kwamba hakulipenda jibu hilo. Na Mtume mwenyewe alipofika mlangoni kwa watu alikuwa hauelekei, alisimama upande wa kulia au wa kushoto, kwa sababu nyumba za zama zile hazikuwa na mapazia.

Kwa nini nimeyakumbuka haya wiki hii? Kwa sababu nimeyavunja yote kwa mpigo mmoja, na sikutoka hata chumbani kwangu.

Nauza leso, madera na udi kwa simu, mwaka wa nne sasa. Leso nazichukua Biashara Street, nazipiga picha kitandani, naziweka kwenye stetasi, mteja analipa kwa M-Pesa, boda anapeleka. Ni riziki ya halali, nami namshukuru Mola kwa hiyo. Lakini wiki iliyopita niliona mauzo yamelala. Nilikuwa bado nimo kwenye grupu la harusi ya binamu yangu, la watu zaidi ya mia mbili. Nikazichukua nambari zote, nikafungua grupu jipya la mauzo, nikawatia wote. Haikufika hata nusu saa. Sikumsalimu mtu, sikujitambulisha, nikaanza kumwaga picha: "Karibuni wateja, mzigo mpya!"

Jioni ile akajitoa mama mmoja wa mtaani kwetu, mwanamke aliyeipokea ile sahani mkononi mwangu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Akaniandikia peke yangu: "Mwanangu, mbona umeingia bila hodi?"

Hakuongeza neno. Nililiangalia neno hilo "hodi" pale kwenye kioo cha simu mpaka kikazima.

Kulikuwa na jingine zito zaidi. Kwenye grupu lile kila mmoja anaiona nambari ya mwenzake. Binti mmoja akanijulisha kwamba usiku uleule mwanamume asiyemjua, aliyeipata nambari yake humo, alianza kumwandikia. Mimi ndiye niliyelifunua pazia lake. Nambari aliitoa kwa ajili ya harusi, kwa watu wa harusi. Ilikuwa amana, nami nikaifanya bidhaa. Serikali yetu nayo imelitungia hili sheria, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayodai ridhaa ya mtu kabla ya taarifa zake kutumiwa kwa biashara. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Basi wale wanaoposti picha za wateja wakiwa wamevaa madera yao, kwanza muwaulize. Lakini sisi waumini, ndugu zangu, tulikuwa na sheria hii kabla ya bunge lolote. Isitungoje faini.

Nikiwa katika kujihesabu, nikafungua na upande wa pili, upande wa ukweli wa mali yenyewe. Hapa naomba tukae kidogo.

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikagusa umajimaji. Akauliza, "Ni nini hii, ewe mwenye chakula?" Akajibiwa kwamba ni mvua imeinyeshea. Akasema, "Mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Mwenye kudanganya si katika mimi."

Nimeisikia hadithi hii tangu utotoni, ila safari hii nilitazama jambo moja. Yule muuzaji hakusema uwongo. Hatujaambiwa kwamba alitamka neno lolote mpaka alipoulizwa, na alipoulizwa alisema kweli: mvua ilinyesha. Kosa lake lilikuwa katika mpango wa rundo, kikavu juu, kibichi chini. Sasa nitazame picha zangu. Dera lile la samawati nimelipiga filta mpaka limekuwa rangi ya bahari ya mchana. Mteja wa Malindi alilipokea akaniambia kwa upole, "Dada, hili ni la kijivu." Leso yenye uzi uliovutika pembeni nimeikunja ili uzi uangukie ndani. Sikutamka uwongo hata mmoja. Nimepanga rundo tu.

Mnunuzi wa dukani hutia mkono mwenyewe. Analishika dera, analivuta, analiangalia kwenye mwanga wa barabarani. Mnunuzi wa simu hana mkono, macho yake ni yale niliyomwazima mimi. Kwa hiyo naona sisi wa mtandaoni tuna deni kubwa zaidi la kuweka kibichi juu. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam, Mtume anasema muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uwongo, baraka yake hufutwa. Kubainisha ni jambo la pili, juu ya kusema kweli. Mtu anaweza kukaa kimya na bado akawa ameficha.

Na hivi viapo vyetu! "Wallahi zimebaki mbili," na chini ya kitanda mna mfuko haujafunguliwa. Mtume ametuambia kwamba kiapo huipitisha bidhaa na hufuta baraka. Wengine huwaomba shangazi na marafiki waandike "nimepokea mzigo wangu, mashaallah" ilhali hawajanunua hata kitambaa. Hiyo ni ndugu ya najshi, mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kununua ili amhadae mwingine, na najshi imekatazwa waziwazi. Kuhusu "bei njoo inboksi", sitasema ni haramu, mimi si mwanachuoni. Ila mamangu alipokuwa akiuza achari ya maembe barazani, bei ilikuwa moja kwa tajiri na kwa mtoto aliyetumwa, na kila mtu aliijua kabla hajatia mkono mfukoni.

Jumanne nililifunga lile grupu. Niliandika ujumbe mmoja kwa kila mtu, mmoja mmoja, kwa jina langu na la mamangu, nikiomba radhi kwanza, kisha nikiuliza kama wangependa kuona mali yangu. Ilinichukua siku mbili, na kidole kiliniuma. Waliojibu "karibu", nimewaandika daftarini. Waliojibu "la", nimewashukuru na kuzifuta nambari zao. Waliokaa kimya nimewafuta pia, bila kubisha mara ya pili. Nilikwisha kuingia bila ruhusa, na sikuona kwamba bado nina haki ya hodi tatu. Kuhusu lile dera, nimelipiga picha upya dirishani, bila filta, nikaandika chini yake: kijivu. Yule wa Malindi nimemrudishia pesa zake.

Mama yule wa mtaani hajanijibu. Namuombea, nanyi niombeeni nami. Leo baada ya Alasiri nitapika kaimati, niifunike sahani kwa kawa la mamangu, ambalo bado ninalo, ukingo wake umeanza kufumuka. Nitasimama ubavuni mwa mlango wake. Asipoitika mara ya tatu, nitarudi nayo.