Swali la jinsi kwenye fomu ya wakulima

Wiki hii akili yangu yote iko kwenye swali moja la fomu: jinsi. Natengeneza mfumo wa kuandikisha wanachama wa ushirika wa wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma, na viongozi wameamua swali hilo liwe la hiari. Wengi wetu tunaotengeneza mifumo tukiambiwa hiari tunaondoa kinyota chekundu cha kuonyesha swali ni la lazima, kazi imekwisha. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mfumo wa zamani una orodha ya kuchagua ambayo jibu lake la kwanza ni Me. Orodha ya namna hiyo isipoguswa, kivinjari hutuma lile la kwanza. Kwa hiyo kila mama aliyeliruka swali, kwa haraka au kwa kutotaka tu, ameingia kwenye kanzidata kama mwanamume. Hili linaniuma. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sasa akina mama wakitaka kuonyesha kwamba nao wamo kwenye kilimo hiki, orodha ya ushirika wao wenyewe inawakana.

Juzi nilikaa na karani nione anavyoandikisha. Wanachama wengi hawajazi wenyewe; yeye husoma swali kwa sauti, na foleni nzima inasikia. Akafika mama mmoja mtu mzima. Jina, kijiji, simu, ekari. Kwenye jinsi karani hakuuliza, alimtazama akabofya. Mama alikuwa anafuatilia kwenye skrini.

"Mwanangu, na hilo linahusiana nini na zabibu zangu?"

"Ni mfumo tu, mama. Ndivyo unavyotaka."

Mfumo hautaki chochote. Tunaotaka ni sisi, na yule mama alistahili kuelezwa sababu. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaitaja jinsia miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na afya na imani ya dini. Nikajiuliza ushirika unaihitaji wapi hasa. Ujumbe wa malipo hauihitaji. "Ndugu mwanachama" inamtosha kila mtu. Mizani haiihitaji. Inahitajika kwenye ripoti ya mwaka tu, ili ijulikane mafunzo na pembejeo vinawafikia kina nani.

Basi chini ya swali nimeandika: "Si lazima kujibu. Tunauliza ili tujue kama huduma zinawafikia wanawake na wanaume. Usipojibu, haki zako za uanachama ziko palepale." Hakuna jibu lililowekwa alama tayari. Nimeongeza chaguo la "Sipendi kusema", kwa sababu vile vitufe vya duara vya kuchagulia jibu, ukishagusa kimoja huwezi kukiondoa. Aliyegusa kwa bahati mbaya hana njia ya kurudi. Na karani sasa ataigeuza skrini, mwanachama aguse mwenyewe.

Kwenye kuhifadhi majibu, kuna kiwango cha kimataifa cha namba za kuandikia jinsi, ISO/IEC 5218: 0 haijulikani, 1 mwanamume, 2 mwanamke, 9 haihusiki. Kinafaa, ila hakina namba ya mtu aliyeulizwa akakataa. Kwangu huyo si sawa na ambaye hajawahi kuulizwa, kwa hiyo nimeweka safu ya pembeni inayoonyesha kama swali liliulizwa. Aliyekataa mfumo usimsumbue tena kila anapoingia.

Mwenzangu alipendekeza tujaze nafasi zilizo wazi kwa kuangalia majina. Nimekataa. Kina Furaha na kina Amani ninaowafahamu ni wa pande zote mbili, na hata jina lisilo na utata halitupi ruhusa ya kumjibia mtu aliyeamua kunyamaza.

Zimebaki rekodi za zamani. Zile za Me hakuna namna ya kujua ipi ilichaguliwa na ipi ilijijaza, kwa hiyo zote nazirudisha kuwa 0, na watu wataulizwa upya watakapoleta zabibu msimu wa mavuno. Mwenyekiti ana wasiwasi kwamba ripoti ya mwaka huu itakuwa na safu ndefu ya "Hawajaulizwa". Itakuwa nayo. Nimemwomba iende hivyo hivyo kwenye mkutano mkuu, nami nitakuwepo kuieleza.