Woodward mwanzo mwisho, mimi na waipa zangu

Kwanza niseme tu, mimi haiwei naogopa. I-75 pale Detroit, Marekani, magari yanapita kama yanafukuzwa, na mimi nilikuwa na miezi miwili tu toka niache usukani wa kulia wa Dar, sasa shem wangu anakaa mji wa Pontiac, kaskazini ya Detroit, kaniita Jumapili nikale kwake, nikaona hapana, napita barabara ya Woodward, ile M-1 yenye mataa, toka Detroit mjini mpaka Pontiac, maili 21 na kitu, kama kilomita 34 hivi. Shem kwenye simu anacheka, "Shem, huko utakutana na mataa mpaka ukome." Nikamwambia mataa ndo nayataka, yananipa muda wa kuwaza.

Nikaanzia Grand Circus Park saa tatu asubuhi. Mjini pale kuna tramu, QLine, reli zake zimo humohumo kwenye lami, basi nikajibanza nyuma ya basi moja kila linapoenda nami nipo. Balaa likawa waipa. Magari yetu yale ya Japani indiketa iko kulia, huku iko kushoto, kwa hiyo kila nikitaka kuhama leni nafagia kioo, jua kali, kioo kikavu, kwiii kwiii, watu wananiangalia. Nafika Highland Park nshafagia mara nne. Hapo kiwanda cha zamani cha Ford bado kimesimama pembeni ya barabara, ndo walipoanza 1913 kuunganisha magari kwenye mkanda unaotembea, nikasema kumbe mateso yangu yametokea humu. Mbele kidogo, kati ya barabara za Six Mile na Seven Mile, ndo kuna ile maili moja ya Woodward waliyoimwagia zege 1909.

Ukivuka Eight Mile Detroit imeisha. Ferndale poa. Royal Oak taa ya mafuta ikawaka, sheli naiona kushoto, ng'ambo, nataka kukunja, kibao kinakataa. Ndo nikaelewa utaratibu wao: unapita mataa, unaenda mbele unakuta upenyo kwenye bustani ya katikati, unageuza, unarudi ulikotoka, sheli inakuwa kuliani kwako. Rahisi. Ila nimesimama kwenye upenyo nikaangalia kushoto kama nyumbani, kweupe, nikaachia breki, honi! Magari yanatokea kulia bwana. Moyo ulishuka mpaka kwenye pedeli. Yalipoisha nikaingia, lakini leni ya kushoto, mbali na sheli, nikaipita naiona, ikabidi nizunguke tena, upenyo wa kwanza, upenyo wa pili, nasema kwa sauti kulia kulia kulia kama mganga.

Mzee mmoja pale pampu akaniambia shukuru sio Agosti, maana kuna Jumamosi wanaleta magari ya kizamani hapo Woodward, Dream Cruise, toka 1995, foleni yake huigusi.

Birmingham maduka ya wenye hela, Bloomfield Hills miti tu na nyumba zimejificha, nikapita kimya. Pontiac nikafika saa tano kasoro, shem kasimama mlangoni na saa mkononi. "Karibu shem, ubwabwa umepoa." Nikala hivyohivyo.

Jioni narudi, njia ileile, mvua ikashuka, nikapeleka mkono kuwasha waipa, nikawasha indiketa.