Miguu yangu ilirudi nilipokataa kupumzika

Nawaandikia nyie wa rika langu, na nyie vijana mnaokaa na wazee nyumbani, maana kuna neno moja lilitaka kuninyang'anya miguu, nalo ni pumzika. Nilipostaafu tu likaanza, "mama pumzika, umehangaika miaka yote, sasa zamu yetu". Lilitoka kwa watu wanaonipenda kabisa, watoto wangu, majirani, hata nesi mmoja wakati ananipima presha. Nikishika ndoo ya maji mtu kaikwapua. Nikitaka kushuka ngazi kufuata kitu mjukuu ashatumwa. Nimekaa naletewa kila kitu mpaka rimoti mkononi.

Mambo yakaja polepole. Kwanza nikaanza kujisukuma kwa mikono nikiinuka kwenye kiti. Halafu kochi la chini nikawa nalikwepa, nachagua kiti cha juu chenye pa kushika. Halafu choo, wenzangu mnajua naongelea nini, ile kuinuka huku umeshika ukuta. Halafu siku nimepiga magoti natafuta kitu uvunguni mwa kitanda, kuinuka nikashindwa, nikabaki chini mpaka binti yangu alipoingia akaninyanyua, na ushauri alionipa baada ya hapo ni kwamba nipumzike zaidi!

Wengine wakasema tembea. Haya, nikatembea. Nikanunua raba nzuri, hela ilitoka kidogo ila mguu wa mtu mzima unataka kiatu kinachoshika chini na kisigino kisichochezacheza, na kila asubuhi kabla jua halijawa kali niko njiani. Faida niliiona, sitaki kudanganya, presha ilitulia, usingizi ukawa wa kueleweka, pumzi ikaongezeka nikawa naongea huku natembea bila kuhema. Lakini kiti kikaendelea kunishinda. Narudi matembezini, nakaa, nataka kuinuka, mikono tena. Nikilalamika naambiwa ongeza mwendo. Nikaongeza. Miezi inakatika na kiti ni kile kile. Hapo nilikereka mno, kwa sababu nilikuwa nafanya kila nilichoambiwa tena kwa kupitiliza, na mtu wa kunieleza kwa nini miguu inayotembea mbali hivyo inashindwa kuninyanyua pale sebuleni hakuwepo.

Aliyenieleza ni kijana mmoja wa fiziotherapia, wale wanaotibu viungo kwa mazoezi, ambaye nilipelekwa kwake kwa habari ya goti. Goti hata hakuligusa kwanza. Akasema mama kunja mikono kifuani, inuka ukae, inuka ukae, akashika saa sekunde 30. Hicho ni kipimo kabisa, kinatumika sehemu nyingi, mwanamke wa miaka 65 mpaka 69 asipofika mara 11 anahesabika yuko chini ya wastani na hatari yake ya kuanguka iko juu, mwanaume wa umri huo ni mara 12, na ukijisukuma kwa mikono unaandikiwa sifuri. Mimi niliandikiwa sifuri.

Akanifundisha jambo ambalo nilitamani ningelisikia siku ninayostaafu. Misuli inapungua na umri, na ikifika sitini huko inashika kasi, hali yenyewe wanaiita sakopenia, na kinachoikimbiza zaidi ni kukaa. Kuna utafiti wa mwaka 2007 walichukua wazee wazima wa afya, wastani wa miaka 67, wakawalaza kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Siku kumi! Sasa mimi nimepumzishwa miaka. Na kuhusu kutembea akasema tembea, usiache, moyo unataka, lakini njia tambarare haimpi paja kazi kubwa, na misuli inarudi ikibebeshwa mzigo unaozidi ule iliouzoea. Hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 halisemi kutembea peke yake, linasema kwa watu wa 65 na kuendelea dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, halafu mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na mazoezi ya balansi na nguvu yaliyochanganywa siku 3 au zaidi. Mimi nilikuwa nimeshiba kile cha kwanza tu, hivyo vingine viwili hakuna aliyewahi kunitajia.

Nikamwuliza, mwanangu, kwa umri huu misuli inarudi kweli? Akanisimulia wazee fulani wa Boston, Marekani, utafiti uliotoka 1990, watu wa miaka 90 hivi wanaoishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wamedhoofu, wakapewa wiki 8 za kuinua uzito kwa miguu, uzito wa maana siyo wa kubembeleza, na wale 9 waliomaliza nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Mtu wa tisini! Nilitoka pale natembea kichwa juu.

Sasa kazi ikawa hii, mtu asiyeweza kuinuka kwenye kiti anaanzaje mazoezi ya kuinuka kwenye kiti? Kijana alisema anza na kiti kirefu, ila nyumbani hakuna kilichokuwa kirefu cha kunitosha, na kununua kiti cha mazoezi sikuona sababu. Basi hapa ndo nilitumia akili yangu na najivunia mpaka leo. Nilichukua mablanketi yote ya kabatini, nikayakunja bapa, nikayapanga moja juu ya lingine kwenye kiti kigumu cha mezani kisichokuwa na magurudumu, mgongo wa kiti nimeuegemeza ukutani kisirudi nyuma. Nikaongeza mpaka nikapata kimo ambacho nikikunja mikono kifuani nainuka mwenyewe. Kilikuwa juu sana, lakini niliinuka, bila kushika kitu, bila kuitwa mtu. Nikakaa nikainuka tena. Miguu ilitetemeka na nilijisikia mtu.

Mpango ukawa rahisi, nainuka mara kama kumi, napumzika kidogo, nazirudia raundi nyingine mbili, na siku nikiona raundi zote zimekuwa nyepesi, blanketi moja linarudi kabatini. Siku inayofuata sifanyi, maana misuli inajijenga ikipumzishwa (hapo ndo pumziko lina kazi yake). Unainama mbele kidogo pua ipite vidole vya miguu, visigino vimekanyaga chini, unapumua nje wakati wa kuinuka. Usibane pumzi, ukibana presha inaruka juu. Kabati likawa linajaa na kiti kinashuka, na kila blanketi lililotoka nilikuwa nalikunja taratibu kwa raha zangu.

La mwisho likagoma. Wiki kwa wiki niko nalo hapo hapo, nikilitoa siinuki, nikilirudisha nainuka bila shida. Nikasema sitalala na blanketi hili maisha yangu yote. Nikakumbuka kitu kijana alisema kwa kupita tu, kwamba misuli ina nguvu zaidi ikiwa inashusha mzigo kuliko ikiwa inauinua. Basi nikageuza zoezi. Nikatoa blanketi, nikasimama kwa msaada wa mikono, halafu kukaa nikawa nakaa polepole mno, nahesabu mpaka tano kabla makalio hayajagusa kiti, bila kujiachia. Kuinuka mikono, kushuka miguu peke yake. Mapaja yaliwaka moto siku mbili za mwanzo kiasi cha kushuka ngazi nimeshika ukuta, hayo maumivu ya misuli mizima mizima yasikutishe yanaondoka yenyewe, ya kuogopa ni yale makali ya kuchoma ndani ya kiungo, hayo simama umwone mtaalamu. Nikaendelea hivyo na siku moja asubuhi nikakunja mikono kifuani nikainuka kwenye kiti kitupu kama vile hakijawahi kunisumbua. Niliita nyumba nzima. Niliwakalisha kwenye kochi nikawainukia mbele yao mpaka mjukuu akaanza kuhesabu kwa sauti, na binti yangu yule wa pumzika mama, alilia.

Baada ya hapo kiti kikawa chepesi kwa hiyo nikahitaji mzigo. Vyuma vya gym ni hela na sikuwa na haja navyo, maji tu. Lita moja ya maji ni kilo moja, chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, kwa hiyo unajua kabisa unabeba kiasi gani na unaongeza kwa kiasi unachotaka. Natia chupa kwenye mkoba wa shule wa zamani wa mjukuu, naukumbatia kifuani, nainuka. Mkoba huo huo naupanda nao ngazi, mkono mmoja kwenye reli.

Balansi niliiweka kwenye mswaki. Nikipiga mswaki nasimama mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa sinki, asubuhi kulia jioni kushoto. Ukizoea unaondoa kidole lakini sinki liwe karibu na sakafu iwe kavu, nisisikie mtu kaanguka bafuni kwa ajili yangu.

Kuinuka sakafuni nilikufanyia kazi peke yake kwa sababu ya ile siku ya uvunguni, sikutaka irudi. Watu wanafundisha kuanzia chini, mimi nilifundishwa kuanzia juu na ndo siri yenyewe. Unasimama mbele ya kiti imara, unashuka goti moja tu kwenye mto mlaini, unarudi juu. Ukishaimudu hiyo unashuka magoti yote mawili unarudi. Halafu unakaa upande kwa nyonga unarudi. Halafu unalala kabisa. Kila hatua unajua tayari njia ya kurudi, kwa hiyo hofu haikushiki. Kupanda ni kugeuka ubavu, kujisukuma mpaka magotini, kutambaa mpaka kwenye kiti, mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, unasimama. Mwanzo fanya mtu akiwepo. Ukweli hofu ya kuanguka inamfungia mzee ndani kuliko kuanguka kwenyewe, anaacha kutoka, miguu inazidi kuisha, ndo anaanguka sasa.

Chakula nacho. Mazoezi yangu ya mwanzo yalikuwa yanaenda kwa kukwama mpaka nilipoulizwa protini nakula saa ngapi, kumbe asubuhi nilikuwa nakula wanga mtupu na protini yote inakuja usiku. Mwili wa mtu mzima unahitaji zaidi siyo pungufu, wataalamu wengi wanasema gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 72, na yai moja lina kama 6 tu, piga hesabu. Nikaigawa kila mlo, yai, maharage, samaki, maziwa, chochote kilichopo. Ila mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii, aulize daktari wake kwanza. Na maji nakunywa hata nisiposikia kiu, kwa sababu kiu yenyewe inapungua uzeeni, mwili unakauka na wewe huna habari, kizunguzungu kinatokea hapo.

Kizunguzungu cha kuinuka kitandani mimi nilikuwa nacho, hasa usiku nikienda kukojoa. Sasa nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nachezesha vifundo vya miguu juu chini, ndo nasimama, na taa iko karibu na mkono. Wanaotumia dawa za presha wamwambie daktari kama wanasikia hivyo, wapimwe wakiwa wamelala na wakiwa wamesimama, inawezekana dozi inataka kuangaliwa. Vidonge vya usingizi pia viulizieni, vinaongeza hatari ya kuanguka na watu wanavimeza miaka bila kurudi kuuliza. Na mwenye maumivu ya kifua au pumzi inayokata akifanya kazi ndogo asianze chochote humu kabla hajaonwa.

Na goti? Linauma kidogo siku za baridi. Lakini mapaja yalivyopata nguvu goti likapata wa kulisaidia, ngazi nashuka bila kwenda kiubavu, na hilo watu wengi wanaambiwa kinyume, eti goti linauma usilitumie. Mazoezi ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo miongozo ya matibabu inashauri kwa goti la kulika, anza kidogo lakini litumie.

Nyumbani nimewawekea sheria, na nawasihi wenye wazee muifuate. Ndoo yangu nabeba mwenyewe, mkibeba nyie mnanipunguzia mguu. Rimoti nainuka kuifuata. Mkitaka kunisaidia, njooni mnisimamie wakati wa kulala sakafuni na kuinuka, na mjukuu ashike saa, sekunde 30. Juzi amenihesabia mpaka nimepita ile 11 na bado muda ulikuwepo. Nimeshamwambia chupa nyingine ya maji iingie kwenye mkoba wiki ijayo.