Kumtafuta mbwa wa rangi ya ugoro: kumbukumbu za programu yangu, wiki ya 1 hadi ya 11

Wiki ya 1

Mradi huu nimeuanza kwa hasira. Mwezi wa Aprili, usiku wa radi, mbwa wetu Chui alitoroka nyumbani Tabata, Dar es Salaam, akakaa nje siku nne. Nilibandika karatasi kwenye nguzo za umeme, nikarusha picha kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Nilichovuna ni "pole sana" zisizo na idadi, na mtu mmoja aliyetaka nimtumie sh 50,000 kwanza ndipo aniambie mbwa alipo. Siku ya nne nikapita kununua chipsi mayai, nimeshakata tamaa, na muuza chipsi akaniuliza: "Kaka, yule mbwa anayekuja kuokota mifupa hapa saa tano usiku si wako?" Hakuwa ameona karatasi wala picha. Alinikumbuka tu mimi na Chui tukipita pale asubuhi.

Basi nitatengeneza programu ya simu yenye milango mitatu: aliyepotelewa, aliyemwona mnyama, na anayetaka kufuga mnyama asiye na kwao. Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, najifunza mwaka wa pili sasa. Mchana nashika hesabu za duka la vipuri, kwa hiyo kazi hii ni ya saa tatu usiku na Jumapili.

Wiki ya 2

Nimechora skrini 14. Zinapendeza mno, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka.

Wiki ya 3

Nimempa Mama simu ajaribu kutangaza kuwa Chui amepotea. Kwenye "aina ya mbwa" nilikuwa nimeweka orodha ya majina zaidi ya mia, yote ya kizungu. Akaivuta juu, akaivuta chini, miwani ikamshuka puani.

"Wetu yuko wapi hapa?"

"Mama, Chui si ni mbwa wa kawaida tu."

"Sasa wa kawaida mbona hayumo?"

Orodha nzima nimeifuta. Zimebaki tatu: wa kienyeji, chotara, wa kizungu.

Rangi zikanitoa jasho zaidi. Niliandika "kahawia", neno la vitabuni, na hakuna aliyeligusa. Kwa Mama, Chui ni wa rangi ya ugoro. Jirani anamwita wa kaki. Mtoto wa jirani huyo huyo anasema ni rangi ya chai ya maziwa. Watu watatu, mbwa mmoja, na mashine yangu ingewatenganisha kabisa. Sasa nimeweka vipande vya rangi vilivyokatwa kwenye picha za mbwa na paka wa kweli, bila jina lolote. Mtu anagusa hadi vitatu. Nyuma ya kila kipande nimeficha maneno yote niliyoyasikia mtaani, ili anayeandika "ugoro" na anayeandika "kaki" wakutane.

Wiki ya 4

Neno moja limekula wiki nzima. Kitufe cha kuchukua mnyama nilikiandika "Asili", kutoka kuasili, kama anavyoasiliwa mtoto. Mama Zawadi, jirani yetu, akakibonyeza, zikatokea picha za mbwa, akasema: "Kumbe hawa ndio mbwa wa asili? Mbona wamekonda hivi?" Nikapeleka sentensi kwenye mashine ya tafsiri, ikaniletea "kupitishwa kwa wanyama", kana kwamba paka ni muswada bungeni. Sasa kitufe kinasema "Mchukue umfuge". Ni kirefu, kilinipasulia mpangilio wa skrini, lakini hakuna aliyeniuliza tena maana yake.

Wiki ya 6

Ramani. Nilitarajia watu waweke alama mahali walipomwona mnyama. Hawaweki. Wanasema "ukishuka Tabata Bima, unaacha duka la dawa, nyuma ya mashine ya kusaga". Nimewaachia sehemu ya kuandika hivyo hivyo, au kurekodi sauti ya sekunde 20, na simu inachukua yenyewe mahali ilipo kwa GPS ikiruhusiwa.

Arifa zinakwenda kwa walio karibu. Paka nimempa duara la kilomita 1 kwa sababu akipotea kwa kawaida hujificha karibu na nyumbani. Mbwa nimempa kilomita 3, maana yeye hutembea. Umbali nakokotoa kwa kanuni ya haversine, inayopima umbali juu ya mviringo wa dunia, nusu kipenyo cha dunia kilomita 6,371. Siku ya kwanza nilisahau kugeuza digrii kuwa radiani, na nyumba mbili zilizopishana mita 550 kwenda kaskazini zikaonekana zimepishana kilomita 32. Ningemfuata Chui Kibaha.

Wiki ya 7

Nimegundua aibu. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na mimi nilikuwa nazihifadhi nzima nzima. Mtu anayetangaza paka wa bei mbaya alikuwa anatangaza na mlango wa nyumba yake. Sasa taarifa hizo zinafutwa kwenye simu kabla picha haijatoka, na picha inapunguzwa kutoka MB 4 hadi KB 150 hivi, kwa hiyo hata bando la mtu linapumua. Namba ya simu haionekani tena. Watu wanaandikiana ndani ya programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilishaanza kutumika tangu Mei 2023, nami nilikuwa naisoma kama mambo ya mabenki.

Wiki ya 8

Yule wa sh 50,000 hajanitoka kichwani. Dawa yake nimeipata kwa Chui mwenyewe: ana kovu chini ya taya, halionekani mpaka umnyanyue kichwa. Kwenye karatasi zangu sikuliandika, na kama ningemuuliza yule tapeli kuhusu taya angeshikwa palepale. Kila tangazo sasa lina "alama ya siri" moja, isiyoonyeshwa kwa mtu yeyote. Anayesema amempata mnyama anaulizwa juu yake. Inafanya kazi na upande wa pili pia: ukiokota paka, unaficha jambo moja, na anayejiita mwenye paka ndiye alitaje.

Kwa wenye mbwa waliowekwa chipu ya utambulisho chini ya ngozi kuna nafasi ya namba yake ya tarakimu 15. Mtaani kwetu imebaki tupu.

Wiki ya 9

Mtu ametangaza kupotelewa na beberu. Nilitaka kulifuta tangazo, Mama akaniuliza kama mbuzi hapotei. Nimeliacha. Ila "Mchukue umfuge" nimeifunga kwa mbuzi na kuku. Najua wangefugwa mpaka lini.

Jambo lisilo la mzaha ni kichaa cha mbwa. Nawaomba watu wamsogelee mbwa wasiyemjua, lazima niwaambie na hili. Kwenye "nimemwona" kuna kitufe chekundu, "Ameuma mtu". Kinafunguka hata bila intaneti: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo hii kwa ajili ya chanjo, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Na hakuna mbwa anayepanda kwenye ukurasa wa kufugwa bila tarehe ya chanjo.

Wiki ya 11

Tuko 19 tunaoijaribu, nusu ni ndugu zangu. Nimepeleka simu kwa muuza chipsi. Akakausha mikono kwenye aproni, akaitazama, akanionyesha kitochi chake. Mtu pekee aliyewahi kunipatia mnyama hawezi kuitumia programu yangu.

Nimefungua mlango wa nne: ujumbe wa kawaida wa SMS, anaandika anavyotaka, mimi naupanga kwa mkono usiku. Leo saa tano na robo umeingia wa kwanza: "mbwa mweupe sikio 1 limekatika anakula hapa toka juzi". Nimewatumia walio ndani ya kilomita 3. Bado sijapata jibu. Kesho napiga hesabu ya gharama za SMS.