Kisima kilichokuwa chini ya mvule

Januari 2011, kiangazi kimekaza, mimi na Mzee tulisimama katikati ya shamba la kahawa, mwendo kidogo ndani kutoka Lukaya, barabara ya Masaka, Uganda. GPS ilisema tumefika. Kompyuta nayo ilisema hivyo hivyo. Kisima hakikuwapo. Mibuni, migomba, na vumbi jekundu hadi magotini, basi.

Mzee alikuwa fundi wa pampu, Mnubi wa Bombo. Nyuma ya pikapu alikuwa amepakia mabomba na spana zake zote kwa ajili ya pampu hiyo moja iliyoripotiwa kuharibika.

"Mwanangu, tumepotea?"

"Hapana, Mzee. Ni hapa hapa."

Nilisema kwa uhakika, kwa sababu nukta ile niliiingiza mimi mwenyewe.

Kwa muda wa mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kuunganisha vitu viwili. Upande mmoja kulikuwa na hifadhi ya nyaraka tuliyoijenga juu ya Jackrabbit, programu ya kutunzia hati: fomu za uchimbaji zilizoskaniwa, vipimo vya maji, picha, kila kimoja kimekaa mahali pake kama tawi kwenye mti, na matoleo yake ya zamani yametunzwa. Upande wa pili kulikuwa na PostGIS, hifadhidata inayojua mahali, ambamo kila kisima ni nukta. Ukiiuliza visima vilivyo ndani ya kilomita mbili kutoka shule fulani, inakujibu papo hapo. Hifadhi ya nyaraka haijui umbali ni nini. PostGIS nayo haijui karatasi yenye doa la chai. Nilitaka mtu abonyeze nukta kwenye ramani na fomu ya kisima ifunguke, na nilikipenda kitu hicho kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya.

Nikafungua kompyuta juu ya boneti, nikabonyeza nukta ya kisima. Fomu haikufunguka. Hati haipo.

Kiini cha tatizo hilo nilikijua kabla sijapiga simu ofisini. Julai 2010 wilaya ya Masaka ilikuwa imegawanywa, zikazaliwa Kalungu, Bukomansimbi na Lwengo, na Lukaya ikaangukia Kalungu. Dada wa masijala, kwa haki kabisa, alikuwa amezipanga folda upya zifuate wilaya mpya. Mimi kwenye jedwali langu nilikuwa nimeandika njia ya folda, yote, kuanzia Masaka kushuka chini. Folda ikihama, njia inakufa. Hifadhi yenyewe huipa kila hati kitambulisho kisichobadilika hata ukiihamisha mara kumi, na hicho ndicho nilichopaswa kukishika. Nilichagua njia kwa sababu mtu anaweza kuisoma kwa macho.

Dada akaitafuta fomu kwa mkono. Tulingoja kwenye kivuli cha mgomba, Mzee akichonga kijiti kwa kisu.

"Nimeipata," Dada akasema kwenye simu. "Ni ya mwaka 1989. Nisome nini?"

"Soma yote, Dada, hata yaliyoandikwa pembeni."

Akasoma kina cha kisima, aina ya mwamba, jina la kijiji. Halafu akasema kuna maandishi ya penseli: namba za mahali zimesomwa kutoka ramani ya 1:50,000. Na chini kuna mchoro wa mkono, njia inateremka, mti wa mvule upande wa kulia, kisima kwenye kivuli chake.

Hapo nikaelewa. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilipimwa kwa Arc 1960, kipimo cha dunia kilichowekwa kwa ajili ya Afrika Mashariki. GPS inatumia WGS84, kipimo cha dunia nzima. Namba zilezile mbili, ukizisoma kwa kipimo kisicho chake, zinakusogeza, na kwa sehemu zetu zinakupeleka kama mita 300 kaskazini ya ukweli, na kidogo magharibi. Kosa la ikweta tulikuwa tumelishinda mapema. Kusini ya mstari, namba ya kaskazini-kusini huongezwa mita milioni kumi, na tulipoisoma kama ya upande wa kaskazini, visima vyetu kadhaa vilikuwa vimetokea karibu na Ncha ya Kaskazini. Kosa kama hilo unaliona ukifumba jicho moja. Mita 300 hazionekani. Ramani inabaki nzuri, nukta imekaa shambani, na hakuna anayeshtuka hadi asimame pale na mabomba.

"Mzee, tushuke kusini. Tutafute mvule."

Hatukuutafuta sana. Msichana mmoja alikuwa akipanda kilima na jerikeni tupu kichwani, Mzee akamuuliza, naye akaelekeza kidole chini. Mvule ulikuwepo, mkubwa kuliko nilivyoufikiria, na chini yake pampu yenye mpini uliolegea. Mzee akapiga magoti, akakwangua kuvu kwa spana ile ile ya kufungulia nati, na namba ikajitokeza kwenye saruji, tarakimu moja baada ya nyingine.

"Andika hii," akaniambia. "Hii haihami."

Ilikuwa ndiyo namba iliyoandikwa juu ya fomu. Dada alikuwa bado kwenye simu. Aliisoma nami nikaifuata kwa kidole juu ya saruji.

Pampu ilichukua saa tatu. Maji yalitoka mekundu, kisha ya kijivu, kisha safi, na kina mama waliokuwa wamekusanyika walimpa Mzee kwanza anywe.

Usiku huo, kwenye nyumba ya wageni Masaka, nilifuta safu ya njia za folda, nikaweka kitambulisho cha hati na namba ya saruji. Kisha nikaanza fomu za zamani, moja moja. Kwa kila iliyosomwa kutoka ramani nilibandika 21036, namba ya siri ya Arc 1960 kwenye PostGIS, ndipo nikaigeuza kwenda 32736, ambayo ni ya WGS84. Mwanzoni nilikuwa nimebandika 32736 tu juu ya namba ya zamani, na hilo halisogezi kitu. Amri ya ST_SetSRID hubadilisha lebo, ST_Transform ndiyo inayosogeza. Cha kwanza kugeuza kilikuwa kile cha chini ya mvule. Nukta ikateremka kilima, nikaibonyeza, na fomu ikafunguka, mchoro wa penseli na yote.